Kalembe si pori la bure: juu ya ramani za wawekezaji na mashamba tuliyokimbia

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kalembe, Kashuga, Mweso na Pinga. Fasi tulikutania hatuitaji, sababu munaijua.

Asante sana kwa wale walitembea kwa miguu tangu usiku kufika hapa. Tunajua ya kama kutembea ile njia si kazi ndogo, na tunajua ya kama kila bariyeri mulipita iliwaomba kitu.

Leo hatukuja kuongea juu ya uchaguzi, wala juu ya mazungumzo ya wakubwa huko ng'ambo. Tulikuja kuongea juu ya ramani. Tunajua wamoja watacheka: watu wanalala chini ya hema, hakuna unga, na hawa vijana wanaleta ramani! Tunaomba mutuvumilie kidogo. Ramani ndiyo ilitumika kugawanya nchi hii mbele hata babu zetu hawajaulizwa. Sasa kuna zingine zinachorwa, za kuonyesha wenye pesa wapi waweke pesa zao kwa kurudisha miti, udongo na maji. Zinachorwa leo, wakati sisi tuko tunakimbia.

Tuanze na ile iko nzuri ndani ya hiyo kazi, juu hatutaki mtu aseme ya kama tunapinga kila kitu.

Umoja wa Mataifa ulisema miaka 2021 mpaka 2030 ni miaka kumi ya kurudisha mazingira yaliyoharibika. Mbele ya hapo, Desemba 2015 kule Paris, nchi za Afrika zilianzisha mpango unaitwa AFR100: hektari milioni 100 zirudishwe mpaka mwaka 2030. Kongo yetu iliahidi hektari milioni 8. Milioni nane! Serikali ambayo walimu wake wanangojea mshahara haina pesa ya kupanda milioni nane. Kwa hiyo wanaita masosiete: mabenki, viwanda, wauza kahawa, wauza kakao, wale wanachafua hewa Ulaya na wanataka kulipa miti mahali pengine. Na sosiete, kama kila mfanya biashara, inauliza swali moja tu: dola yangu niiweke wapi izae zaidi?

Hapo ndipo wataalamu wanaingia. Mwaka 2020 kundi kubwa la wataalamu lilitoa katika gazeti la sayansi Nature ramani ya dunia nzima ya fasi ambazo kurudisha mazingira kutafaa zaidi. Walipima vitu vitatu: viumbe vitakavyookolewa, kaboni itakayovutwa, na gharama. Wakasema kama dunia itarudisha asilimia 15 tu ya ardhi iliyogeuzwa kuwa mashamba na malisho, lakini ikichagua fasi zenyewe vizuri, inaweza kuzuia asilimia 60 ya kupotea kwa viumbe kunakongojewa. Na wakasema ya kama kuchagua fasi vizuri kunaweza kufanya pesa ile ile izae mpaka mara 13 zaidi. Ni jambo kubwa, na hatulidharau. Mtu anapanda miti mahali miti haifai, inakauka, pesa inakwisha, kisha wanasema Waafrika ni wavivu. Kuchagua fasi ni akili.

Na kuna mahali jirani ambapo akili hiyo imezaa matunda. Nairobi inapata karibu maji yake yote, asilimia 95, kutoka mto Tana na vijito vyake, kule juu kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Kwenye ile miteremko kuna wakulima wadogo wengi sana. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba yao unashuka, unajaza mabwawa, unachafua mitambo ya kusafisha maji ya jiji. Kampuni ya umeme inapoteza, kampuni ya maji inapoteza, viwanda vya vinywaji vinapoteza, na mkulima mwenyewe ndiye anapoteza wa kwanza juu udongo wake mzuri umekwenda. Mwaka 2015 shirika The Nature Conservancy pamoja na serikali na masosiete walianzisha mfuko wa maji wa Tana ya juu. Mbele ya kutoa pesa walichora ramani: shamba gani linatoa matope mengi, mteremko gani ukiwekewa matuta utasaidia zaidi, kijito gani kikipandwa majani ya tembo kandokando kitasafisha maji zaidi. Wakapiga hesabu: dola milioni 10 zikiwekwa pale zinaweza kurudisha faida ya dola milioni 21 na nusu ndani ya miaka 30.

Sasa musikilize vizuri juu ya nini ile ramani iliwezekana. Juu mwenye shamba alikuwa ndani ya shamba lake. Walimkuta pale, na jembe mkononi. Aliulizwa, alikataa au alikubali, alipewa miche na majani ya ng'ombe wake, na kesho yake asubuhi alikuwa bado pale. Ramani ilimwonyesha mteremko wake, na yeye aliijua ile miteremko kuliko ramani. Ile hesabu yote inasimama juu ya huyo mtu.

Turudi nyumbani.

Ninyi wote munajua Kalembe ni mpaka. Upande mmoja Masisi, na usultani wa Bashali. Upande mwingine Walikale, na sekta ya Wanianga. Kwenye karatasi za Kinshasa ni teritwari mbili. Kwenye soko ni watu wamoja: mama anatoa maharagi upande huu, anauza upande ule, na ukimuuliza mpaka uko wapi ataonyesha na mdomo tu. Maji pia hayajui mpaka ule. Maji ya huku magharibi yanashuka mpaka Lowa, Lowa inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo yenyewe.

Tunasema hivi juu ya sababu moja. Mwaka 2023 mfuko unaitwa TerraFund, ambao unatoa pesa kwa mashirika na biashara ndogo za Kiafrika zinazopanda miti ndani ya AFR100, ulichagua sehemu tatu za Afrika za kuanzia: ukanda wa kakao wa Ghana, Bonde la Ufa la Kenya, na bonde la ziwa Kivu na Ruzizi kwa Burundi, Rwanda na Kongo. Kuchagua vile kuna maana. Huko Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, mvua ilishusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Hatutasema wale hawastahili. Lakini muone mstari ulipita wapi: ulifuata maji yanayoingia ziwani. Kilima ambacho maji yake yanaenda Lowa kiko inje. Ramani yenyewe si ya uongo. Ni kwamba kila ramani iko na mstari, na mtu fulani aliushika kalamu, na sisi hatukuwa pale.

Kuwa inje ya ramani ni hasara moja. Kuwa ndani yake vibaya, wandugu, ni hasara ingine, na hiyo ndiyo inatutia woga zaidi.

Kumbukeni vile vitu vitatu: viumbe, kaboni, gharama. Gharama maana yake nini? Sehemu kubwa ni hii: ile ardhi ingezaa kitu gani kama isingerudishiwa miti. Shamba linalotoa mazao mengi ni la bei kali, kulichukua ni hasara. Ardhi isiyotoa kitu ni ya bei rahisi, inafaa zaidi kuwekewa miti. Kwa mtu wa mahesabu ni sawa kabisa. Lakini juu ya nini mashamba ya Kalembe hayatoi kitu? Je, udongo umekufa? Ninyi mulilima pale, mujibu wenyewe.

Tarehe 20 Oktoba 2024, siku ya Mungu, M23 waliingia Kalembe. Kesho yake vita ikarudi tena. Watu wakatoka na watoto mgongoni, maharagi yakabaki shambani. Na haikuwa mara ya kwanza. Kati yetu hapa kuna wale walikimbia Kalembe mara tatu, mara nne, na hawajafika miaka 30. Setilaiti inayopiga picha za misitu ya dunia inakata nchi vipande vya meta 30 kwa meta 30. Ndani ya kipande kimoja inaona kijani, inaona kahawia, inaona mti ulipita meta 5 kwa urefu. Shamba la mama aliyekimbia misimu mitatu linaota majani, kisha vichaka, kisha miti midogo. Kutoka juu linaanza kufanana na pori. Na shamba la mikaratusi ya mkubwa fulani, kutoka juu, linafanana na msitu. Setilaiti haina makosa, inaona kile kiko. Haiwezi kuona yule ambaye hayupo.

Tuliona jambo moja tukakaa nalo rohoni. Bwana mmoja alifika na chombo cha kupima, akapanda kilima kimoja ambacho watu wake walikuwa wamekimbia. Akamuuliza mtoto aliyekuwa anachunga mbuzi: hii ni ya nani? Mtoto akajibu: wenyewe hawako. Bwana akaandika kitu, akashuka. Hatukuona aliandika nini. Lakini hebu tufikiri: kwenye karatasi yake kulikuwa na nafasi ya kuandika «wenyewe hawako»? Au kulikuwa tu na «iko na mtu» na «haina mtu»?

Mtu wa Masisi anajua hii hadithi inaishia wapi. Wakati wa ukoloni, milima ya Masisi ilikatwa ikawa mashamba makubwa ya chai, kahawa na pareto. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuzichukua biashara na mashamba ya wageni, na mengi yakaishia kwa wakubwa waliokuwa karibu na utawala. Misitu ikawa malisho. Na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya serikali. Juu ya ardhi ya wanakijiji, kifungu cha 389 kilisema haki zao zitapangwa na amri ya Rais. Ile amri ikangojewa. Miaka zaidi ya 50! Vita nyingi za huku zinaanzia kwenye hiyo nafasi tupu, na bunduki zilikuja kuijaza.

Kwa hiyo sosiete ikifika leo na ramani nzuri, na pesa safi, na nia njema, ikitaka kusaini mkataba wa miaka 30 wa kaboni juu ya kilima cha Kalembe, itasaini na nani? Mwami hayupo. Mwenye shamba yuko hemani. Atakayekuwepo kusaini ni yule yuko na bunduki siku ile, au ndugu yake. Na mwenye shamba akirudi atakuta miti, kibao, na walinzi. Atakuwa mvamizi wa msitu kwenye shamba la mama yake.

Na hata miti ikikua, inapita wapi? Mwaka 2017 watafiti wa shirika IPIS walihesabu bariyeri 798 kwenye barabara za Kivu zote mbili. Makala yanalipa, mbao zinalipa, mama mwenye kikapu analipa. Kila mti utakaouzwa utawalisha hao kwanza. Machi 2025, vita ilipokaribia, sosiete ya Bisie kule Walikale ilisimamisha kazi ya bati, ikarudi Aprili. Ilifanya vizuri kulinda wafanya kazi wake. Lakini musitu hauwezi kusimamishwa mwezi mmoja kisha kuendelea. Moto mmoja wa jua kali, na hesabu ya miaka 10 imekwisha.

Kuna mambo mengine tunaona yanapita juu ya vichwa vyetu. Januari 2025 serikali ilipeleka kule Davos mpango wa njia ya kijani kutoka Kivu mpaka Kinshasa, kilometa za mraba zaidi ya 540,000, na ikaita wawekezaji wa dunia nzima. Juma lile lile vita ilikuwa inashuka juu ya Goma, na tarehe 27 waasi wakaingia mjini. Mwezi uliofuata kambi za wakimbizi kandokando ya Goma zikavunjwa, watu wakarudi barabarani na magodoro. Hatusemi mpango ule ni mbaya kwa kuwa siku yake ilikuwa mbaya. Tunasema: wale watu wenye magodoro nao wako na ardhi, na ile ardhi iko mahali fulani kwenye ramani.

Sasa, vijana wenzetu, munatuuliza tunataka nini. Tuseme wazi.

Tunataka ramani yoyote ya uwekezaji inayogusa Masisi na Walikale iweke, pamoja na viumbe na kaboni na gharama, kitu cha nne: nani alikuwa analima pale mbele ya vita, na sasa yuko wapi. Fasi ambayo watu walikimbia isihesabiwe kama ya bei rahisi. Isihesabiwe kabisa, mpaka wenyewe warudi au wasemeshwe kule waliko. Kuwatafuta si vigumu hivyo. Wale wanagawa unga wanajua majina yao na vijiji vyao.

Tunataka pesa ipitie njia ambazo zinaacha ardhi mkononi mwa wenyewe. Sheria ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kupata msitu wake kwa hati, mpaka hektari 50,000, bila kulipa bei ya ardhi na bila mwisho wa miaka, na huko Walikale jamii zimeanza kuitumia. Sosiete inayotaka kusaidia ilipie upimaji, safari na makaratasi ya hati kama hiyo, halafu ndipo iongee miche. Na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inawapa ndugu zetu Mbilikimo haki ya kukubali au kukataa mbele kitu hakijaanza kwenye ardhi yao. Hapa tujiseme sisi wenyewe pia: katika mikutano yetu wanakaa nyuma, na mara nyingi hatuwapi neno.

Na kuna jambo ambalo wengine kati yetu hawakulikubali tulipoongea jana, lakini tutalisema. Leo, kwa hali ilivyo, dola inayofaa zaidi kwa msitu wa Kalembe pengine haipaswi kuwekwa Kalembe. Iwekwe Goma, jikoni. Makala yanakwenda kule juu kule ndiko kuna mamilioni ya sahani za kupika. Jiko linalotumia makala nusu, umeme wa maji wa bei ndogo kama ule wa Matebe, gesi: kila moja inapunguza gunia moja lililokatwa huku. Pia miti ya makala inaweza kupandwa na mkulima ndani ya shamba lake mwenyewe. Mradi wa EcoMakala wa WWF ulianza hivyo kandokando ya Virunga mwaka 2007. Si kila kitu kilikwenda vizuri, na mikaratusi inakunywa maji mingi, wazee wetu wanalalamika. Lakini mti ulikuwa wa mkulima. Mwenye biashara anayetaka faida ya haraka na isiyo na damu, aangalie upande huo kwanza. Wakati watu watarudi Kalembe, ndipo alete miche, na atakuta mtu wa kuipokea.

Tumalize na kazi. Juma hili tunaanza kuchora ramani yetu. Hakuna setilaiti, ni daftari na wazee: chemchemi ziko wapi, kilima gani kinashuka mvua ikinyesha, msitu ulikuwa unafika wapi wakati bibi alikuwa msichana, nani alilima wapi.

Kuna mama mmoja aliuliza mbele hatujaanza, na hakuna mtu aliweza kumjibu mara moja: muki-andika jina langu na shamba langu, na hiyo daftari ikachukuliwa na wale wenye bunduki, wataifanya nini? Tulibishana mpaka usiku. Tulikubaliana hivi: daftari ya maji, udongo na msitu itakuwa ya wote, tutaitoa kwa mtu yeyote, hata sosiete, hata serikali. Daftari ya majina haitapigwa picha na simu, haitatumwa WhatsApp, haitaingia kwenye kompyuta ya shirika lolote, hata la marafiki wetu. Itakaa kwa watu wawili waliochaguliwa na wazee, mmoja wa upande wa Masisi, mmoja wa upande wa Walikale, na haitafunguliwa mpaka hao wawili wawe pamoja.

Wale wanajua kusoma na kuandika vizuri wabaki nyuma kidogo, tunahitaji kumi. Wale wanatoka mbali waanze safari mbele mvua haijanyesha.